Ruzuku Ndogo kwa Miradi ya Mtaa: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Dodoma, Kuanzia Kikao cha Kwanza hadi Taarifa ya Mwisho

Ukizunguka katika mitaa ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, iwe upande wa Nala, Nzuguni, Mkonze au Ihumwa, hutakosa kukutana na boma lililojengwa kwa nguvu za wananchi likaishia kwenye lenta, au eneo la wazi lililozungushiwa nguzo kumi na mbili ambazo hazikuwahi kupata seng'enge. Mara nyingi kazi hizo hazikusimama kwa sababu wakazi walichoka. Zilisimama kwa kukosa milioni tano, nane au kumi na mbili, kiasi ambacho ni kikubwa mno kwa michango ya nyumba kwa nyumba, na ni kidogo mno kupewa nafasi ya mbele katika bajeti ya halmashauri. Pengo hilo ndilo ambalo ruzuku ndogo huweza kuliziba, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuiomba, kuipokea na kuitumia bila kuuacha mtaa ukiwa na ugomvi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Ruzuku ni fedha isiyorejeshwa, inayotolewa kwa kazi iliyotajwa, katika muda uliotajwa, kwa masharti yaliyoandikwa. Vikundi vingi huichanganya na mikopo ya asilimia 10, ambayo halmashauri hutoa kutoka katika mapato yake ya ndani kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, lakini inarejeshwa, na imekusudiwa shughuli zinazozalisha kipato. Kikundi kinachochukua mkopo huo ili kujenga uwanja wa watoto kitajikuta hakina mahali pa kupata marejesho, kwa sababu uwanja wa watoto hauuzi kitu.

Hatua ya kwanza: anzeni kwenye mkutano wa mtaa

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza na tangazo la mfadhili. Mtu mmoja huliona kwenye simu, huwakusanya wenzake wanne jioni ile ile, nao huandika mradi unaolingana na tangazo, ilhali mtaa wenyewe una shida nyingine kabisa. Mradi wa namna hiyo ukipata fedha huwa wa watu watano, na ukipatwa na tatizo hubaki kuwa wao peke yao.

Njia iliyo salama ni kumwendea mwenyekiti wa mtaa na Afisa Mtendaji wa Mtaa, kuwaeleza nia yenu, na kuomba suala hilo liingizwe kuwa ajenda katika mkutano wa wakazi. Huko msiende na jibu. Nendeni na swali: kati ya shida ambazo tunaweza kuanza kuzitatua wenyewe, ipi itangulie? Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anaifahamu njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo serikali huitumia katika upangaji shirikishi, na ukimwomba aje kuongoza mjadala atawasaidia wakazi kutenganisha lile wanaloliweza, lile linalohitaji msaada kidogo, na lile ambalo ni wajibu wa serikali moja kwa moja. Wasikilizeni kwa makini akina mama na watoto wa shule, maana ndio wanaoutumia mtaa mchana kutwa wakati wengine wako kazini.

Katika mkutano mmoja niliouhudhuria, tulikuwa tumemaliza kujadili kibanda cha kuhifadhia vifaa vya mtaa, na kila mtu alikuwa amekubali. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwarobaini aliinua mkono akamwuliza mwenyekiti, "Mwanangu, ufunguo atakaa nao nani?" Mwenyekiti alimjibu kwa heshima kwamba jambo hilo lingepangwa baadaye, naye bibi akasema hapana, lipangwe sasa. Tulitumia nusu saa nzima kwa suala la ufunguo, na katika nusu saa hiyo tulijua ni nani anaaminiwa na nani haaminiwi, na ni familia zipi mbili hazisemezani. Hakuna fomu ya mfadhili ambayo ingetufundisha hayo.

Mkutano ukimalizika, andikeni muhtasari siku hiyo hiyo. Muhtasari uwe na tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria, hoja zilizotolewa, uamuzi uliofikiwa, na orodha ya mahudhurio yenye saini. Upelekeni kwa Mtendaji ausaini na kugonga muhuri. Karatasi hii ndiyo itakayobeba kila kitu kinachofuata, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha kwamba mradi ni wa mtaa.

Hatua ya pili: jueni eneo ni la nani

Sehemu hii naiandika kwa msisitizo, kwa kuwa niliumizwa nayo. Miaka iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi kilichopata ruzuku ya kutengeneza bustani ya mtaa katika kiwanja ambacho sote tulikijua tangu zamani kuwa ni eneo la wazi. Tulikwishashusha lori mbili za mawe pale mtu alipokuja akiwa na hati yenye jina lake. Kiwanja kilikuwa kimepimwa na kumilikishwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameangalia ramani. Mfadhili alitutaka turudishe fedha iliyobaki, na gharama ya mawe tuliilipa kwa michango yetu wenyewe, jambo ambalo lilikuwa haki kabisa kwa upande wake.

Dodoma ni mji uliopangwa kwa karatasi kuliko miji mingi ya nchi hii. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia hapa makao makuu, viwanja vilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, hadi ilipovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kuhamishiwa halmashauri, ambayo mwaka uliofuata ilipandishwa hadhi kuwa Jiji. Kwa hiyo hata kipande cha ardhi kinachoonekana kutelekezwa kina historia katika faili fulani. Kabla hamjaandika hata sentensi moja ya andiko, nendeni ofisi za mipango miji na ardhi za Jiji mkiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Mtendaji, mwombe mwonyeshwe kwenye mchoro matumizi ya eneo lenu, kisha mwombe barua ya ridhaa. Ridhaa ya mdomo, hata ikitoka kwa kiongozi mnayemheshimu, haimlindi yeyote.

Ardhi si jambo pekee lenye mwenyewe. Mkitaka kuweka kivuko juu ya korongo linalokatiza njia ya mtaa, huenda njia hiyo iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na mnahitaji maelekezo ya mhandisi wao. Mkitaka kuchimba kisima, kuna kibali cha bodi ya maji ya bonde, ambalo kwa sehemu kubwa ya Dodoma ni Bonde la Wami/Ruvu, na ni busara kuongea mapema na DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kwa kuwa maji ya chini katika baadhi ya maeneo yetu yana chumvi na mnaweza kuchimba shimo la gharama kubwa lisilonyweka maji yake. Mkitaka kujenga darasa au choo cha shule, mwalimu mkuu na ofisi ya elimu ndio wa kwanza kujua, kwa sababu jengo likikamilika litakuwa mali ya shule, na ramani za madarasa na vyoo zina vipimo vyake.

Hatua ya tatu: kikundi kiwe na sura inayotambulika

Mtaa wenyewe ni ngazi ya serikali, na baadhi ya wafadhili hawatoi fedha moja kwa moja kwa ngazi hiyo, hivyo mara nyingi ombi hupitia kikundi cha kijamii kilichosajiliwa na halmashauri kupitia kitengo cha maendeleo ya jamii. Mtahitaji katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na viongozi, muhtasari wa kikao kilichowachagua, na barua ya utambulisho ya mtaa na kata. Katiba isinakiliwe kutoka kwa kikundi kingine bila kusomwa. Nimeona katiba ya kikundi cha mazingira iliyokuwa na kifungu cha kugawana faida kila Desemba, na mfadhili yeyote makini atakayekutana na kifungu hicho ataliweka andiko pembeni.

Kikundi kisichotaka kuanza upya kinaweza kuungana na shirika ambalo limekwisha kusajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, likawa mwombaji na kikundi kikawa mtekelezaji. Mpango huo unafaa, ila uandikwe: nani anashika fedha, nani anaidhinisha malipo, shirika linachukua kiasi gani kwa gharama zake, na mali itakayonunuliwa itakuwa ya nani mradi ukiisha. Mashirika hayo yana wajibu wa ziada wa kuweka wazi mikataba yao ya ufadhili, na kanuni za mwaka 2018 ziliweka kiwango cha shilingi milioni 20 kuwa ndicho ambacho mkataba unaokizidi unapaswa kuwasilishwa kwa Msajili wa mashirika hayo na Hazina. Wakazi wa Dodoma tuna bahati kwamba ofisi ya Msajili iko hapa hapa, na hakuna sababu ya kubahatisha jambo linaloweza kuulizwa ana kwa ana.

Akaunti ya benki iwe ya jina la kikundi, yenye watia saini watatu ambao angalau wawili lazima wakubaliane kabla fedha haijatoka. Watia saini wasiwe wa nyumba moja.

Hatua ya nne: kumtafuta mfadhili anayelingana na kazi

Milango iko mingi kuliko watu wanavyodhani, ingawa kila mlango una umbo lake. Ulio karibu zaidi ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge na ambao hufaa sana kwa kumalizia kazi ambazo wananchi wamekwisha kuzianza, kwa mfano bati za kuezekea boma au saruji ya sakafu. Ombi hupitia mtaa na kata. Kwa kuwa lililokuwa Jimbo la Dodoma Mjini liligawanywa mwaka 2025 na kuzaa Jimbo la Mtumba, hakikisheni kwanza mtaa wenu uko upande gani.

Kwa kazi za mazingira upo Mfuko wa Misitu Tanzania, na upo Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambao ulianza mwaka 1992 na ambao kwa miaka mingi umekuwa ukitoa hadi dola 50,000 kwa mradi, ingawa kikundi kinachoanza hakipaswi kuomba kiasi hicho. Kwa majengo ya huduma kama madarasa, zahanati na maji, Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi ya ngazi ya chini ambayo hulipia jengo au kifaa na haikusudiwi mishahara wala gharama za uendeshaji za kila siku. Ubalozi wa Kanada nao una mfuko wa miradi midogo inayobuniwa na wenyeji. Taasisi ya Foundation for Civil Society hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia, na Mfuko wa Wanawake Tanzania huviangalia vikundi vinavyoongozwa na wanawake. Kila mmoja wao hufungua dirisha la maombi kwa wakati wake na hubadilisha vigezo, kwa hiyo someni tangazo la mwaka husika, wala msitegemee fomu ya jirani aliyeomba zamani.

Msiwapuuze walio jirani kabisa. Mwenye kiwanda cha matofali, mwenye mashine ya alizeti, kampuni ya mabasi na tawi la benki wana sababu ya kutaka mtaa uwe mzuri. Kwao barua ya ukurasa mmoja inayotaja kitu kimoja, kama mifuko arobaini ya saruji, hufanya kazi kuliko andiko la kurasa ishirini.

Kuna onyo moja. Hakuna mfadhili wa kweli anayedai ada ya fomu, ada ya usajili, au asilimia ya ruzuku ilipwe kwanza kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mkiombwa hivyo, acheni hapo hapo, na mwambieni Mtendaji ili vikundi vingine vionywe.

Hatua ya tano: andiko, na hasa bajeti

Andiko zuri la ruzuku ndogo linaweza kuandikwa kwa kurasa tano. Lieleze tatizo kwa namba mlizohesabu wenyewe, mtakachofanya, nani atafanya, kwa muda gani, kwa gharama gani, na nini kitatokea fedha ya mfadhili ikiisha. Fomu za balozi nyingi huwa za Kiingereza, ila nashauri andiko liandikwe kwanza kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya kamati, kisha litafsiriwe na mtu anayeaminika, maana andiko ambalo mweka hazina wa kikundi hawezi kulisoma ni mkataba ambao hataweza kuutimiza. Mahali pa kueleza tatizo msiandike kwamba watoto wanateseka sana. Kaeni asubuhi tatu kwenye njia, mhesabu watoto wanaopita na wanaocheza kando ya barabara, mwandike idadi.

Bajeti ndiyo inayosomwa kwa makini zaidi. Hebu tuchukue mfano wa eneo la wazi linalogeuzwa kuwa mahali pa watoto kuchezea na wazee kupumzikia. Bei ninazotumia ni za kuonyesha hesabu tu, nanyi mtaweka za kwenu kutokana na proforma, yaani ankara za bei kabla ya kununua, za maduka matatu. Chukulia uzio wa nguzo na seng'enge ni shilingi 3,900,000. Tenki la lita 5,000 pamoja na mnara na bomba, 2,200,000. Miche 150 kwa 3,000 kila mmoja, 450,000. Mabenchi 12 ya zege kwa 120,000, 1,440,000. Bembea na vifaa vya michezo, 1,500,000. Posho ya mtunzaji kwa miezi 12, 1,200,000. Usafiri, uchapaji na mikutano, 350,000. Hapo vikundi vingi hufunga hesabu na kupeleka.

Sasa simameni kwenye ile miche 150. Dodoma hupata mvua kwa msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600 tu. Kuanzia Mei hadi Novemba mche hauna msaada mwingine isipokuwa mkono wa mtu. Mche mmoja ukipewa lita 10 mara mbili kwa wiki, miche 150 itakunywa lita 3,000 kila wiki, na kwa wiki 30 za kiangazi ni lita 90,000. Hizo ni ndoo 4,500 za lita 20, au kulijaza tenki lenu mara 18. Kwa shilingi 50 kwa ndoo, ni shilingi 225,000. Kiasi hiki ni kidogo kikilinganishwa na uzio, lakini kama hakimo kwenye bajeti, ifikapo Agosti hakuna atakayekumbuka ni nani anapaswa kulipa, na miche iliyopandwa mbele ya wageni na kupigwa picha itakuwa vijiti vikavu. Nimeviona vijiti hivyo mara nyingi katika mji huu ambao tunataka uwe wa kijani, na inaniuma kwa sababu kilichoviua ni mstari mmoja uliosahauliwa. Ikiwezekana chagueni mwarobaini, mjohoro au mkwaju, ambayo huvumilia ukame, na upandaji ufanyike Desemba mwishoni au Januari udongo ukiwa umelowa.

Kwa kuongeza maji, fedha inayoombwa inakuwa shilingi 11,265,000. Halafu andikeni mchango wa mtaa, na uandikwe kwa thamani, kwa kuwa kazi ya mikono ni fedha: watu 40 kwa siku sita za kusafisha na kusawazisha, kwa makadirio ya shilingi 7,000 kwa siku, ni 1,680,000, na lori sita za mchanga na mawe kwa 90,000 ni 540,000. Jumla ya mchango ni 2,220,000, na mradi wote ni 13,485,000, yaani wakazi wamebeba kama asilimia 16. Mfadhili akiona hivyo anajua haingii mahali patupu. Lakini msiandike mchango msioweza kuuthibitisha. Fungueni daftari la kujitolea, kila siku ya kazi watu waandike majina na kusaini.

Kama kuna ujenzi wowote, mwombeni mhandisi wa halmashauri awaandalie makadirio ya vifaa na kazi. Fundi wa mtaani anaweza kuwa hodari sana, lakini aina ya udongo hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na msingi unaofaa kwenye kichanga cha mlimani hautafaa kwenye udongo mweusi wa mbugani unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka.

Hatua ya sita: ratiba ifuate mvua na mashamba

Mfadhili atawauliza mtaanza lini na kumaliza lini. Kabla ya kujibu, tazameni kalenda ya hapa. Uchimbaji wa misingi, ufyatuaji wa matofali na usombaji wa mchanga ni kazi za Juni hadi Oktoba. Mvua zikianza, korongo hujaa ghafla, lori halifiki, na watu mliowategemea kwa nguvu kazi wako mashambani wakipanda mtama, uwele, karanga na alizeti. Kwenye maeneo ya zabibu, kama Hombolo na Mpunguzi, kuna pia misimu ya kuchuma, ambapo kumwita mtu siku ya kujitolea ni kumwonea. Mfadhili akitoa fedha Januari, mwombeni kwa maandishi ratiba ya ujenzi ianze Mei, na muda wa mvua mwutumie kwa upandaji, ununuzi na mafunzo ya kamati. Wafadhili wengi hukubali sababu ikielezwa mapema. Wasichokubali ni kuambiwa Machi kwamba hakuna kilichofanyika.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kama mradi wenu utahitaji halmashauri ichangie kitu baadaye, kwa mfano mwalimu, mhudumu au umeme, jambo hilo lipite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla bajeti haijafungwa, yaani katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Jengo lisilo na mhudumu ni stoo.

Hatua ya saba: fedha ikishaingia

Mkataba usomwe kwa sauti mbele ya kamati nzima, kifungu kwa kifungu, kabla ya kusainiwa. Angalieni hasa awamu za malipo, mambo yasiyoruhusiwa kulipiwa, na utaratibu wa kubadilisha bajeti. Bei ya seng'enge ikipanda katikati ya kazi, msihamishe fedha ya mabenchi kimyakimya mkidhani mtaeleza baadaye. Andikeni barua, ngojeni jibu, kisha mnunue.

Siku fedha inapoingia, bandikeni kiasi chake kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Najua wapo wanaoogopa kwamba wakazi wakijua kiasi wataanza kudai posho. Uzoefu wangu ni kwamba wasipojua huanza kukisia, na kiasi cha kukisiwa siku zote ni kikubwa kuliko cha kweli. Kila mwisho wa mwezi bandikeni tena mapato, matumizi na salio, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka.

Katika manunuzi, watu watatu waende dukani, wala asiwe mmoja, na asiwepo anayeuza kitu hicho mwenyewe. Daini risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kwa kila kinachonunuliwa dukani. Kwa vibarua na wenye mikokoteni wasio na mashine, tumieni hati ya malipo yenye jina, kazi, kiasi, tarehe na saini au dole gumba, ikishuhudiwa na mtu wa pili. Karatasi ya risiti za EFD hufifia kwa joto la hapa, na nimewahi kufungua faili la miezi minane nikakuta risiti nyeupe tupu, kwa hiyo zipigeni picha na kuzitoa nakala wiki ile ile.

Vifaa vikifika vipokelewe na kamati ndogo isiyo ile iliyonunua. Ihesabu nguzo moja moja, iandike kwenye daftari la stoo, na itie saini. Mifuko ya saruji iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Hatua ya nane: taarifa na makabidhiano

Taarifa ya mwisho huwa rahisi kwa kikundi kilichotunza kumbukumbu na huwa mateso kwa kikundi kisichotunza. Ina sehemu ya utekelezaji, ikieleza kilichopangwa, kilichofanyika na kilichoshindikana na kwa nini, na sehemu ya fedha, inayofuata mistari ile ile ya bajeti iliyoidhinishwa. Wekeni picha za mahali pale pale kabla, wakati wa kazi na baada, zikipigwa kutoka pembe moja. Chagueni mbuyu au kona ya nyumba iwe alama. Kilichoshindikana kielezwe bila kuficha. Mfadhili aliyeambiwa kwamba miche 22 kati ya 150 ilikufa na kwamba imepandwa mingine ataamini na namba nyingine zote.

Makabidhiano yafanyike kwenye mkutano wa wakazi, ukiitishwa na mwenyekiti kama ule wa kwanza. Isomwe taarifa ya mapato na matumizi, wakazi waulize maswali, na ipitishwe sheria ndogo ndogo za matumizi ya eneo: saa za kufungua na kufunga, nani anasafisha siku gani, na kiasi kitakachochangwa na kila kaya kwa ajili ya matengenezo, hata kama ni shilingi 500 kwa mwezi. Hapo ndipo ufunguo hukabidhiwa kwa mtu aliyetajwa kwa jina kwenye muhtasari, na mwenzake anayeshika wa pili.

Mwisho, toeni nakala nne za faili zima, kuanzia muhtasari wa mkutano wa kwanza, barua ya ridhaa ya eneo, mkataba, hati za malipo, hadi taarifa. Moja ibaki kwa kikundi, moja ofisi ya mtaa, moja kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na moja iende kwa mfadhili. Watendaji huhamishwa na viongozi wa mtaa hubadilika baada ya uchaguzi, na huenda miaka mitatu ijayo akatokea mtu akiuliza ni nani aliruhusu uzio ule ujengwe pale. Aliyepo zamu siku hiyo atafungua kabati na kumwonyesha barua.